Panga pangua ya ratiba, ikitazamwa kutoka Mpanda

Katavi haina timu Ligi Kuu, lakini majirani zake wameionja. Kigoma wako Mashujaa, wanaocheza Uwanja wa Lake Tanganyika tangu wapande msimu wa 2023/24. Tabora wako waliopanda msimu huohuo, wakaitwa Tabora United kabla ya kuitwa TRA United. Sumbawanga nako, Tanzania Prisons ya Mbeya iliwahi kuhamishia mechi zake za nyumbani Uwanja wa Nelson Mandela, na ni hapo Simba walipolala 1-0 Oktoba 22, 2020. Shabiki wa Mpanda akiisoma ratiba mwanzoni mwa msimu, haisomi kama anavyoisoma wa Temeke. Anatafuta wikiendi ambayo timu yake itasogea upande huu wa nchi, anapiga hesabu ya nauli na malazi, anaangalia kama tarehe hiyo atakuwa bado shambani. Miezi miwili baadaye anasikia redioni kwamba mechi imesogezwa hadi Jumatano.

Hapo maneno huanza. Kaa kijiwe chochote cha kahawa Majengo au Makanyagio, uulize nani anapanga ratiba ya ligi. Wanasimba watakuambia ni Yanga, na Wanayanga watakuambia ni Simba. Bodi ya Ligi Kuu, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo, itatajwa mwishoni, tena kwa kebehi.

Nadhani tunalaumu pasipostahili. Kuichora ratiba ni kazi ndogo kuliko tunavyodhani, na kasoro nyingi tunazozipigia kelele haziepukiki hata mpangaji angekuwa malaika. Kinachostahili kuulizwa ni foleni ya tarehe: nani husikilizwa kwanza wakati siku zinagawiwa, na nani hupewa zilizobaki.

Hesabu ya timu sita

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Tuseme tuna ligi ya timu sita, nami nitaziita kwa maeneo yake tu: Mpanda mjini, Karema, Inyonga, Katumba, Mishamo na Kibaoni. Chukua daftari, andika safu mbili. Juu weka Mpanda, Karema, Inyonga. Chini yake weka Katumba, Mishamo, Kibaoni. Kila aliye juu anacheza na aliye chini yake, nayo raundi ya kwanza imekwisha: Mpanda na Katumba, Karema na Mishamo, Inyonga na Kibaoni.

Raundi ya pili, Mpanda asiguswe. Wengine wote wasogee nafasi moja kwa kuzunguka: Katumba apande juu akae kando ya Mpanda, Karema asukumwe kulia, Inyonga ashuke chini, Kibaoni na Mishamo wasogee kushoto. Sasa Mpanda anacheza na Mishamo, Katumba na Kibaoni, Karema na Inyonga. Endelea hivyo hadi raundi ya tano na kila timu itakuwa imekutana na kila timu, bila mechi kujirudia na bila timu kukaa bure. Igeuze, aliyekuwa mwenyeji awe mgeni, umepata mzunguko wa pili. Jumla ni raundi kumi na mechi 30, na chai yako bado ina moto.

Mbinu hii ni ya zamani. Kasisi wa Kiingereza Thomas Kirkman aliandika juu ya mipangilio ya aina hii mwaka 1847, na wacheza sataranji duniani wanaijua kupitia majedwali yanayobeba jina la Johann Berger. Makatibu wa ligi za wilaya wengi wanaitumia bila kujua majina hayo, na hawapungukiwi kitu.

Shida inaanza pale unapoamua nani awe nyumbani na nani asafiri. Kila timu ingependa kupishana: wiki hii kwake, wiki ijayo ugenini, basi. Lakini fikiria timu mbili zenye mpishano uleule. Zikiwa nyumbani, zote ziko nyumbani. Zikisafiri, zote zimesafiri. Zitakutana lini? Haziwezi. Sasa mpishano kamili uko wa aina mbili tu, wa anayeanza nyumbani na wa anayeanza ugenini, kwa hiyo ni timu mbili pekee katika ligi nzima zinazoweza kuupata. Zilizobaki zote lazima, walau mara moja, zicheze nyumbani mara mbili mfululizo au ugenini mara mbili mfululizo. Katika ligi yetu ya sita ni timu nne. Katika Ligi Kuu ya timu 16 ni timu 14, na hiyo ni kwa mzunguko mmoja. Dominique de Werra, mwanahisabati wa Uswisi, aliliandikia jambo hili kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini msomaji ameona kwamba halihitaji shahada.

Kwa hiyo kocha anapolalamika kwenye mkutano na waandishi kuwa amepelekwa ugenini mara mbili mfululizo, huenda anasema kweli, na wenzake 13 wanaweza kusema hivyohivyo. Swali la maana ni hili: mara hizo mbili zilimkuta wapi? Ugenini mara mbili ukiwa Dar es Salaam, kutoka Chamazi kwenda Temeke, ni kupanda basi na kurudi kulala kitandani kwako. Ugenini mara mbili, mara Bukoba na mara Ruangwa, ni kuivuka nchi.

Foleni ya tarehe

Ligi ya timu 16 ina raundi 30 na mechi 240. Misimu ya 2018/19 na 2019/20 timu zilikuwa 20, mechi 380; zikashushwa hadi 18 msimu wa 2020/21, kisha 16 kuanzia 2021/22. Kuondoa timu nne kulifuta mechi 140. Wapo waliosikitika kwamba nafasi za mikoani zimepungua, nami ni mmoja wao, lakini mwenye kalenda mkononi alipumua.

Maana kalenda hiyo inakuja ikiwa imekwishaliwa. FIFA wanachukua wiki zao za timu za taifa. CAF wanachukua wikiendi za Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho, na jinsi Simba na Yanga wanavyofika mbali ndivyo wanavyozidi kula tarehe: Yanga walicheza fainali ya Shirikisho mwaka 2023, Simba wakacheza ya kwao mwaka 2025. Kila Januari kuna Kombe la Mapinduzi Zanzibar. Kuna Kombe la Shirikisho la nyumbani. Kisha yanakuja yasiyotabirika. Ligi ya 2024/25 ilisimamishwa kupisha fainali za CHAN zilizotarajiwa Februari 2025. CAF wakazisogeza hadi Agosti, na ligi ikarudishwa uwanjani mapema kuliko ilivyotangazwa. Ratiba ilikuwa imepanguliwa kupisha mgeni, mgeni hakuja, ikabidi ipanguliwe tena.

Baada ya hao anaingia mwenye kamera. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, wa miaka kumi na thamani ya Sh225.6 bilioni, ndio unaolisha klabu nyingi, na mwenye kulisha husikilizwa. Mechi nane za raundi moja hazichezwi tena zote kwa saa ileile Jumamosi. Zinagawanywa siku tatu au nne, moja saa 8 mchana, nyingine saa 10 jioni, nyingine saa 1 usiku, ili kila moja ionekane. Uwanja usio na taa unapewa mchana, utake usitake. Mwezi wa Ramadhani saa zinasogezwa tena.

Saa hizo nazo zimekatwa kwa jua la Dar es Salaam. Mpanda iko digrii nane hivi magharibi ya jiji hilo, kwa hiyo jua letu linachelewa kuzama kwa kama nusu saa. Mechi ya saa 10 jioni ikichezwa Uwanja wa Azimio hapa Mpanda, wachezaji wanaanza bado kuna jua la kuchoma utosi, lakini mwamuzi ana nusu saa zaidi ya mwanga kuliko mwenzake wa Dar. Ukiwa na kombe la mtoano linaloweza kwenda hadi penalti na huna taa, nusu saa hiyo ni mali. Sijaona ratiba inayoihesabu.

Mwisho wa foleni wanasimama barabara na mvua. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikirudi kutoka Ruangwa ilikokwenda kucheza na Namungo. Wachezaji waliumia, na mechi yao iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa. Tulizungumza juu ya ajali kwa siku kadhaa kisha tukarudi kwenye pointi. Hatukuzungumza vya kutosha juu ya timu zinazoishi ndani ya basi, wiki baada ya wiki, ilhali zile zenye fedha hupanda ndege kwenye safari ileile. Ratiba inasema wamepewa siku sawa za kupumzika. Kwenye karatasi, ndiyo.

Mechi namba 184

Kila mechi ya ligi ina namba, na namba hiyo haibadiliki hata tarehe ikihama. Msimu wa 2024/25, Yanga dhidi ya Simba mzunguko wa pili ilikuwa namba 184, ya mwisho katika raundi ya 23, iliyopangwa Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, haki ambayo kanuni zinampa mgeni, na wakatangaza hawatacheza. Bodi ikaahirisha. Yanga wakagoma kukubali, wakaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo, ambako ombi lao halikufanikiwa. Tarehe mpya ikawa Juni 15, kisha Juni 25. Hivyo mechi ya raundi ya 23 ikachezwa baada ya raundi ya 30 kuisha, wawili hao wakitofautiana kwa pointi moja, na Yanga wakashinda 2-0 na kubeba kombe.

Kabla yake kuna mechi ya wawili hao ya Mei 8, 2021, iliyokuwa ichezwe saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa saa ya zamani, wakasubiri, wakaondoka. Ikachezwa Julai 3, na bao la Zawadi Mauya likaipa Yanga ushindi.

Mashabiki waliotoka mikoani kwa ajili ya siku hizo hawakuwa wachache. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mtu amepanda basi kupitia Inyonga na Tabora, amelala njiani, amefika, ameambiwa arudi kesho kutwa ambayo haina tarehe. Klabu zinaweza kukata rufaa, televisheni inaweza kuweka marudio. Aliyetoka Kashaulili na nauli ya kukopa hana dirisha la kupeleka madai.

Nachelea kusema bodi ilikuwa na njia rahisi siku hizo, maana haikuwa nayo. Lakini ratiba yenye akiba ya tarehe ingeuhamisha mgogoro kwa wiki mbili, si kwa miezi mitatu na nusu. Uingereza wana mechi 380 kwa timu 20 na vikombe viwili vya ndani, na wanaacha nafasi za katikati ya wiki kwa ajili ya mechi zitakazoharibika. Sisi kila kipande cha kalenda kinajazwa, na kiporo kikitokea kinatafutiwa bakuli.

Chini kabisa ya ngazi

Turudi Katavi, kwenye ligi zisizo na kamera. Mkoa huu ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Kabla ya hapo mambo ya mkoa, soka ikiwemo, yalikuwa na makao yake Sumbawanga, na timu ya Mpanda iliyotaka kwenda mbele ilipaswa kuvuka Sitalike na Hifadhi ya Katavi, viboko wa Mto Katuma wakiwa pembeni, kwenda kuutafuta ubingwa kwa jirani. Mstari mpya kwenye ramani ukaleta chama chake cha soka, bingwa wake wa mkoa na tiketi yake ya Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Sijui kama kuna jambo jingine la utawala lililobadilisha ratiba za soka huku kwa kiasi hicho. Labda lami ya Tabora. Barabara hiyo ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Koga na Inyonga ilikuwa ya udongo, na mto ukifurika safari zilikufa. Treni ya tawi la Kaliua, reli iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, haikuwa na haja ya kujua una mechi Jumamosi.

Ndani ya mkoa, ramani yenyewe ina umbo la nyota. Karema iko ziwani, magharibi. Inyonga iko mashariki, njia ya Tabora. Kibaoni iko kusini, ng'ambo ya hifadhi. Mishamo, makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, iko mbali kaskazini magharibi. Katumba, makazi mengine ya aina hiyo, iko jirani na mji. Timu ya Karema inayokwenda Inyonga inapita Mpanda mjini, na ya Kibaoni inayokwenda Mishamo inapita hapohapo.

Ndiyo maana viongozi wa ligi za chini hupenda kucheza kwa kituo: timu zote zikusanywe mjini, zilale shuleni, zicheze kila baada ya siku moja, ligi iishe ndani ya wiki mbili. Ni nafuu, na mimi siidharau nafuu hiyo. Ila ligi ya kituo inawanyima Karema mechi hata moja mbele ya watu wao. Wavuvi wanaochanga fedha ya jezi hawaioni timu ikicheza, halafu mwaka unaofuata tunashangaa mchango umepungua.

Mtindo wa nyumbani na ugenini nao una gharama zake, na katibu wa ligi anazipokea kwa simu. "Shikamoo katibu, gari limegoma, tuko porini." Kanuni zinasema timu isiyofika inapoteza pointi. Katibu anajua gari limegoma kweli, anajua pia kuwa mwenyeji amekwishalipia waamuzi na gari la wagonjwa limekaa uwanjani tangu saa 8. Akiwaonea huruma waliokwama, mwenyeji hamsamehi. Akiwapokonya pointi, msimu ujao huenda hawajisajili kabisa.

Wapo waliokwishakabili jiografia ngumu kwa penseli na kwa kompyuta. Ratiba ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilikuwa kwa zaidi ya miaka 20 kazi ya mume na mke, Henry na Holly Stephenson, wakiifanya nyumbani kwao. Chile, nchi ndefu kama mkia, ligi yake imepangwa tangu 2005 kwa programu za watafiti wa chuo kikuu akiwemo Guillermo Durán, walioingiza umbali katika hesabu tangu mwanzo. Vyuo vya Marekani vimekuwa na mtindo rahisi zaidi kwenye mpira wa kikapu: timu mbili jirani zinafanywa jozi, mgeni akija anacheza na moja Alhamisi na nyingine Jumamosi, kisha anarudi kwao.

Huo wa jozi unaifaa Katavi bila kompyuta. Mpanda na Katumba wawe jozi. Wikiendi moja waje Karema na Inyonga: Jumamosi Karema acheze Mpanda mjini na Inyonga acheze Katumba, Jumatatu wabadilishane. Wikiendi nyingine waje Mishamo na Kibaoni. Timu nne, kila moja inapunguza safari moja ndefu kwa msimu, na kwa klabu inayoishi kwa harambee safari moja ni sehemu kubwa ya bajeti. Gharama yake naijua: mechi mbili ndani ya siku tatu huchosha, na Jumatatu mashabiki wako kazini. Nakubali hasara hiyo.

Halafu mvua. Huku mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na wachezaji wa ligi ya mkoa wengi ni wakulima. Ligi ianze Juni, mahindi yakiwa ghalani. Safari za Karema na Mishamo ziwekwe mwanzo, barabara zikiwa kavu na mifuko ikiwa na fedha ya mavuno. Raundi ya mwisho ndiyo ngumu, maana lazima mechi zote tatu zichezwe kwa saa ileile. Dunia ilijifunza hilo kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1982 huko Gijón, Hispania, pale Ujerumani Magharibi na Austria walipocheza wakijua matokeo yanayowavusha wote wawili, na Algeria, waliomaliza mechi zao siku moja kabla, wakatolewa. Mechi tatu kwa saa ileile ni viwanja vitatu, magari matatu ya wagonjwa na seti tatu za waamuzi, katika mkoa ambao kupata seti moja si kazi ndogo. Kwa hiyo raundi ya tisa ningeimaliza kabla ya Septemba kwisha, wiki tatu za Oktoba ningeziacha tupu kwa ajili ya viporo, na raundi ya kumi ningeiweka wikiendi ya mwisho ya Oktoba, saa 10 jioni, viwanja vyote vitatu.